Mafini za matunda zenye sukari kidogo: kwa nini zinakuwa ngumu, na namna ya kuzirekebisha

Ujumbe wa msomaji ulioingia juzi ni ule ule ambao huja kila mara, maneno tu ndiyo hubadilika: "Nimepunguza sukari kutoka kikombe kizima hadi robo, nikaongeza ndizi mbili ili utamu urudi. Zimetoka nzito, juu nyeupe, chini zimelowa, na ukitafuna ni kama unatafuna kandambili. Nimekosea wapi?"

Kupima hakukosea, na oveni yake huenda haina tatizo. Alichokosea ni kuihesabu sukari kama utamu peke yake. Kwenye mafini, utamu ndiyo kazi nyepesi kuliko zote zinazofanywa na sukari. Sukari huvuta maji na kuyashika, ndiyo maana mafini ya kawaida bado ina unyevu siku ya pili. Huunyima unga sehemu ya maji hayo, gluteni (protini ya ngano inayovutika) isifungamane sana, na kitafunwa kikawa laini. Ndani ya oveni huchelewesha yai na wanga kukaza, kwa hiyo rojo linapata nafasi ya kuumuka kabla halijaganda. Halafu rangi ile ya kahawia juu, sehemu kubwa ni kazi yake pia. Ukiondoa robo tatu ya sukari, umefukuza mfanyakazi mwenye kazi tano na kujaza nafasi moja tu.

Sasa tazama zile ndizi mbili. Zikimenywa zina kama gramu 200. Ndizi mbivu ina takriban gramu 12 za sukari katika kila gramu 100, na karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Maana yake ameingiza gramu 24 hivi za sukari pamoja na gramu 150 za maji, kwenye rojo ambalo maji yake yalikuwa yanatosha. Gluteni ikanywa, mwiko ukaikoroga, kandambili ikapatikana.

Mapishi mengi ya kawaida huvumilia kupunguziwa theluthi moja ya sukari bila kugusa kitu kingine. Kama lengo lako ni hilo tu, punguza theluthi ukaoke, hadithi yako imeishia hapa. Ukitaka kushuka chini zaidi, sharti uipange upya mizani ya mafuta, maji na unga.

Kabla ya vipimo, neno moja kuhusu asali, maana hapa ndipo watu wanapodanganyana. Asali ina sukari karibu asilimia 80. Ukiondoa kikombe cha sukari ukamimina kikombe cha asali, hujapunguza kitu; kwa kuwa asali ni nzito, unaweza hata kuwa umeongeza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaiweka asali, shira na juisi ya matunda kwenye kundi moja na sukari ya mezani, na unapendekeza sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima, ni bora zaidi. Mapishi ya kawaida yenye gramu 200 za sukari kwa mafini 12 yanakupa karibu gramu 17 kwa moja. Hakuna atakayekulazimisha uoke mafini za afya, lakini ukishaamua kuziita hivyo, hesabu iendane na jina.

Vipimo hivi ni vya mafini 12. Tumia mizani ya jikoni ukiweza, kwa sababu "ndizi tatu" si kipimo: ndizi moja inaweza kuwa mara mbili ya nyingine. Unahitaji gramu 220 za ndizi zilizoiva hadi ganda lina madoa meusi (uzito baada ya kumenya), gramu 60 za tende zisizo na kokwa, mililita 50 za maji yanayochemka, gramu 30 za sukari, mayai 2, mililita 80 za mafuta yasiyo na harufu, gramu 60 za mtindi mzito, na vijiko 2 vya chai vya vanila. Vikavu ni gramu 140 za unga mweupe wa ngano, gramu 100 za unga wa ngano usiokobolewa, vijiko 2 vya chai vya bekingi pauda, robo kijiko cha chai cha bekingi soda, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na kijiko kimoja cha chai cha mdalasini. Mwisho, gramu 120 za vipande vya tunda.

Zile gramu 30 za sukari usiziguse. Ni gramu mbili na nusu tu kwa kila mafini, na zinasaidia juu pashike rangi na ndani pabaki laini. Anayeziondoa kabisa anapata mafini inayoliwa siku ile ile, tena ya moto. Kesho yake ni mkate mkavu wenye ndizi.

Anza na tende. Zikatekate, zimwagie maji yanayochemka, na chukua chembe ya bekingi soda kutoka kwenye kile kipimo cha robo kijiko uinyunyize humo. Soda hulainisha ngozi ya tende, ambayo bila hivyo hubaki vipande vipande vinavyong'ang'ania meno. Acha dakika 15, kisha saga pamoja na maji yake. Ukiona rojo la tende ni zito kiasi cha kusimama kwenye kijiko, liko sawa. Usiongeze maji ili blenda ipate nafuu. Blenda ikikwama, tia ndizi humo humo na usage vyote kwa pamoja.

Chumvi na vanila si mapambo. Utamu unaousikia mdomoni unategemea pia harufu, na chumvi kidogo hupunguza uchungu wa unga usiokobolewa. Mdalasini, iliki, kungumanga na maganda ya limau yaliyokunwa vyote hufanya kazi hiyo. Chagua viwili. Ukitia vyote vinne, tunda halitasikika.

Mafuta ndiyo yanayochukua kazi ya ulaini iliyoachwa na sukari. Ndiyo maana ni hatari kupunguza sukari na mafuta kwa pamoja. Wengi wanafanya hivyo kwa nia njema, wakifuata ushauri wa kuweka rojo la tofaa mahali pa mafuta yote. Chagua adui mmoja. Kama ni sukari unayopigana nayo, yaache mafuta yalivyo.

Kwenye matunda, kosa kubwa ni kuyaona yote ni mamoja. Tofaa ni rahisi: likatwe vipande vya sentimita moja, liingie bichi. Vipande vikubwa kuliko hapo huacha mashimo yenye maji, na ni vizito kwa rojo kuvishikilia. Embe lililoiva sana lina maji mengi. Likate, liweke kwenye kikaango kikavu kwa dakika 5 hadi likaukie kidogo, lipoe, ndipo litumike. Utamu wake unajikusanya humo humo bila wewe kuongeza chochote. Nanasi bichi ni msaliti: lina kimeng'enya kinachovunja protini, nacho huanza kuyashambulia mayai na mtindi rojo likiwa bado kwenye bakuli. Matokeo yake ni sehemu zenye utelezi kuzunguka kila kipande, na wakati mwingine uchungu usioelewa umetoka wapi. Papai na kiwi vina tabia hiyo hiyo. Chemsha vipande kwa dakika 5 kwanza, kimeng'enya kitakufa. Nanasi la kopo limeshapikwa, lichuje tu.

Bluberi na matunda mengine yaliyogandishwa yaingie yakiwa bado barafu, mwisho kabisa. Ukiyayeyusha yatamwaga maji na kupaka rojo lote rangi. Na ukiona yamezungukwa na duara la kijani, usiogope, hayajaoza. Soda imezidi, na rangi ya matunda hayo hubadilika ikikutana nayo.

Kuhusu kuyapaka matunda unga ili yasizame: inasaidia kidogo tu. Kinachozuia kuzama ni rojo zito na vipande vidogo. Rojo la mafini likimiminika kama la chapati za maji, unga hautakuokoa. Linatakiwa lidondoke kutoka kwenye kijiko kwa mabonge.

Washa oveni ifike nyuzi 210 kabla hujachanganya chochote. Vikavu vichunge na kuchanganywa kwenye bakuli moja, vibichi vyote (vile vya majimaji) vipigwe kwenye jingine pamoja na sukari. Mimina vibichi juu ya vikavu, weka mchapo (kifaa cha kupigia mayai) kando, shika mwiko mpana. Pitisha mwiko chini, inua, funika, zungusha bakuli kidogo, rudia. Mara 10 hadi 12 zinatosha. Michirizi ya unga bado itaonekana. Hapo ndipo unatia matunda, unageuza mara 3 au 4 nyingine, basi. Mabonge madogo yatajimaliza yenyewe kwenye oveni. Rojo lililolainika likang'aa limeshaharibika: mafini zake huchongoka juu kama kofia, na ukizikata unakuta vijitundu virefu vinavyopanda kutoka chini. Kwenye mafini za sukari nyingi kosa hili husamehewa kidogo, kwa sababu sukari inaizuia gluteni. Hapa hakuna wa kuizuia.

Liache rojo dakika 10. Pumba za unga usiokobolewa zinanywa maji polepole, na usipozipa muda huo zitayanyonya baadaye, mafini ikiwa imeshaiva, iwe kavu. Baada ya hapo usilikoroge tena. Teka kwa kijiko ujaze kila kikombe cha trei ya mafini karibu na ukingo, kama gramu 80. Kwa kuwa sukari ni kidogo, hazitatanuka sana wala kumwagikia pembeni.

Oka kwa nyuzi 210 dakika 6, kisha shusha hadi 180 bila kufungua mlango, uendelee dakika 12 hadi 14. Joto la mwanzo hurusha juu haraka kabla ukingo haujakaza. Oveni yenye feni ipunguzie nyuzi 20 kwenye hatua zote mbili. Na hapa ndipo mafini nyingi zenye sukari kidogo zinapouawa: mtu anasubiri rangi. Rangi uliyoizoea haitakuja. Itakuja ya dhahabu iliyopauka, na ukiisubiri ya kahawia utatoa kitu kilichokauka hadi katikati. Amini kijiti, si jicho. Kichome katikati, pasipo na kipande cha tunda. Kikitoka na chembe mbili tatu zenye unyevu, toa. Kikitoka kikavu kabisa umeshachelewa dakika moja au mbili. Mwenye kipimajoto cha chakula atafute nyuzi 96 hadi 98 katikati.

Ziache kwenye trei dakika 5, si zaidi, kisha zihamishie kwenye waya. Zikikaa kwenye trei, mvuke wake unageuka maji na kulowesha chini. Nusu ya malalamiko ya "chini mbichi" ni mvuke, uivaji hauhusiki. Karatasi nazo zikimenywa moto huondoka na nusu ya mafini. Subiri zipoe kabisa, au acha karatasi upake trei mafuta.

Kwa hesabu ya juu juu, mafini moja ina gramu 2.5 za sukari uliyotia kwa kijiko, lakini ukijumlisha tende, ndizi na tunda, sukari yote inafika karibu gramu 9, na kabohaidreti zote pamoja na unga kama gramu 24. Kwa hiyo usimpe mgonjwa wa kisukari ukimwambia "kula tu, hizi hazina sukari". Mpe namba, aziingize kwenye mpango wake wa chakula.

Sukari huzuia pia ukungu, na wewe umeiondoa. Kwenye chombo kilichofunikwa zinakaa siku 2 nje, chache zaidi kukiwa na joto. Friji inachelewesha ukungu lakini inaharakisha ukavu, kwa sababu wanga hukakamaa upesi kwenye baridi ile. Zilizobaki zigandishe siku ile ile ya kuoka, kila moja imefungwa peke yake, zitakaa miezi 2 hadi 3. Ukitaka kula, iweke kutoka kwenye friza moja kwa moja kwenye oveni ya nyuzi 160 kwa dakika 12 hadi 15, ikiwa imefunikwa karatasi ya foili. Fungua foili dakika 3 za mwisho, juu pakauke.