Kutekeleza si kutelekeza

SWALI: Jambo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Bukavu, ninasoma habari za Kiswahili kwenye redio ya mtaa. Juzi nilisoma kwamba wabunge wa nchi mbalimbali wanazihimiza serikali "kuridhia na kutelekeza mikataba ya haki ya jinai ya kimataifa". Mzee mmoja akapiga simu kunikosoa. Kwake, kuridhia ndiko kusaini, na nchi ikishasaini hakuna la kuongeza. Je, ni kweli?

JIBU: Kijana wangu, mzee huyo amekosoa pasipo kosa, na kosa lenyewe limempita sikioni. Nianze na lake, maana ni fupi.

Kusaini ni kuweka mkono kwenye karatasi: mjumbe wa serikali anaonyesha kwamba nchi yake ina nia. Kuridhia ni kukubali kufungwa na karatasi hiyo. Neno limetoka Kiarabu, ndugu wa ridhaa, radhi na maridhiano. Nchi yetu ya Kongo ilisaini Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tunayoiita CPI kwa kifupi cha Kifaransa, tarehe 8 Septemba 2000. Iliuridhia tarehe 11 Aprili 2002, siku ambayo nchi 10 zilipeleka hati zao pamoja New York na kuivuka idadi ya nchi 60 iliyohitajika ili mkataba uanze kufanya kazi. Kutoka saini hadi ridhaa ilipita miezi 19. Mpe mzee hesabu hiyo.

Sasa nije kwako. Umeandika "kutelekeza". Nimelisikia kosa hili kwa watangazaji, kwa mawakili, kwa wahubiri. Nimelisoma kwenye bango la kitambaa lililotundikwa mlangoni mwa ukumbi wa semina, kwa herufi kubwa kama mkono wangu. Kila mara linaniuma, na sitaki kulinyamazia tena.

Tamka polepole: te-ke-le-za. Halafu: te-le-ke-za. Silabi mbili za katikati zimebadilishana viti, basi. Lakini kutekeleza ni kufanya ulichoahidi mpaka kitimie, na kutelekeza ni kumwacha mtu au kitu kilichokuwa mikononi mwako, bila kukitunza wala kuaga. Huku Kivu hatulitumii sana hili la pili nyumbani. Tunasema kutupa. Neno tunakutana nalo redioni na katika maandishi, limevaa nguo zinazofanana na za mwenzake, tunayachanganya. Chanzo ninakielewa. Kosa silikubali.

Nina jirani, mama wa watoto wanne. Mume wake alikwenda Kamituga kutafuta dhahabu wakati mtoto wa mwisho hajaanza kutambaa, na hakurudi. Mama mwenyewe husema, "Bwana alitutupaka." Siku moja alitaka kuomba msaada kanisani, kijana wa jirani akamwandikia barua. Akaniletea niitazame kabla hajaipeleka. Ilikuwa karatasi ya daftari ya mistari, imekunjwa mara nne, na sentensi ya kwanza ilisema: "Mume wangu ametekeleza familia yake." Nikaisoma tena. Mama alikuwa amesimama kizingitini, mtoto mgongoni, akaniuliza, "Mwalimu, waliandika muzuri?" Ilibidi nimwambie kwamba barua yake inamsifu yule mwanamume. Inamwambia padri kwamba mume ametimiza wajibu wake, na mama huyu anakuja kuomba nini tena? Alinyamaza kidogo, kisha akaenda kuchana karatasi nyingine kwenye daftari la mwanawe mkubwa. Tuliandika upya: "Mume wangu ametutelekeza." Neno likakaa mahali pake.

Ndiyo maana siwezi kukubali ukiniambia kwamba msikilizaji ataelewa tu. Ataelewa nini? Barua ya mama yule ilimgeuza mtoro kuwa baba mwema. Habari yako imewageuza wabunge wanaodai haki kuwa watu wanaozishawishi serikali ziukubali mkataba kisha ziutupe. Na kuna wabunge wanaoifanya kazi hii kwa dhati: wako kwenye mtandao uitwao Parliamentarians for Global Action, wanakwenda kwa wenzao wa mabunge mengine kuwaomba wajiunge na Mkataba wa Roma, kisha wautungie sheria nyumbani. Hilo "kisha" ndilo kutekeleza.

Tazama kwetu. Tuliridhia mwaka 2002. Sheria zilizoingiza uhalifu unaotajwa na Mkataba wa Roma katika kanuni zetu za adhabu, na kupanga jinsi ya kushirikiana na CPI, zilitiwa saini tarehe 31 Desemba 2015. Zaidi ya miaka 13! Sisemi kwamba muda wote huo hakuna kilichofanyika. Katiba yetu ya mwaka 2006, ibara ya 215, inaupa mkataba uliokwisha kutangazwa nguvu kuliko sheria za kawaida, na majaji wa kijeshi waliwahi kuushika Mkataba wa Roma wenyewe mkononi na kuutumia kuhukumu, kama kule Baraka mwaka 2011. Na Desemba 2017, mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini, ikikaa hapo Kavumu, iliwapa kifungo cha maisha mbunge wa jimbo na watu wengine 10 katika kesi ya watoto wa kike wapatao 40 waliobakwa. Ilikiita kitendo hicho kwa jina lake, uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mkataba uliosainiwa mbali sana na Kavumu ulifika mpaka mlangoni mwa watoto wale. Huko ni kutekeleza, kijana wangu. Ukikosea silabi hapo, unawanyang'anya wazazi wao neno.

Kutelekeza nako kuna kazi yake katika habari hizi, na sitaki ulifute. Jirani zetu wa Burundi waliaga rasmi. Barua ilipelekwa, mwaka mzima ukapita, wakatoka CPI tarehe 27 Oktoba 2017. Huko ni kujitoa. Nchi inayobaki mwanachama, ikipiga picha mikutanoni, huku haina sheria, haimkamati anayetafutwa, haimlindi shahidi, hiyo ndiyo imeutelekeza mkataba. Tunalihitaji neno hili kwa ajili ya kuishitaki. Tukilitumia kwa wanaofanya kazi na kwa wasiofanya, siku ya kushitaki tutasema nini?

Jambo moja dogo, kwa kuwa unasoma habari. Usiseme "wabunge wameridhia mkataba". Kwa Katiba yetu, anayeridhia ni Rais. Wabunge na maseneta wanapitisha sheria ya kuidhinisha, pale Katiba inapoitaka. Na wale wanaosema "kuratifie", yaani kuridhia kwa neno la Kifaransa, wanapobishana kwenye taksi ya kwenda Bagira nimewazoea, siwakatizi, kwa sababu hakuna anayepotea kwa neno hilo.

Kesho soma hivi: "Wabunge wamezihimiza nchi kuridhia na kutekeleza mikataba ya haki ya jinai ya kimataifa." Na kabla hujaendelea na habari nyingine, waambie wasikilizaji kwamba juzi ulikosea, uwatajie na neno lenyewe.