Jibu: Wanafunzi wanapita kizuizi cha intaneti maabara
Mwalimu, umesema umefunga tovuti za michezo kwa DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba) kwenye ruta na bado vijana wanazifungua. Kizuizi hicho pekee ni chepesi mno: mtu anaandika 8.8.8.8 (seva ya DNS ya Google) kwenye mipangilio ya mtandao, kashapita. Anza na akaunti zao. Ziwe za kawaida, si za msimamizi, wasiweze kubadili mipangilio hiyo. Kisha kwenye ruta zuia poti 53 (UDP na TCP) na 853, yaani milango ya mtandao inayotumiwa na DNS ya kawaida na ile iliyosimbwa, kwenda nje, isipokuwa kwa seva yako ya DNS. Kinachosumbua zaidi ni kivinjari: Firefox na Chrome zinaweza kupitisha DNS ndani ya HTTPS (njia salama ya kufungulia tovuti), poti 443, ambayo ukiifunga umeua karibu intaneti yote. Usifunge poti hiyo; zima DNS hiyo ya ndani ya HTTPS kwa sera ya kivinjari (mipangilio anayoilazimisha msimamizi). BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) nayo iwekee nywila na uzime kompyuta kuwaka kutoka USB, maana flashi moja yenye Linux inakwepa akaunti na sera zote hizo.