Mwalimu wa ufundi, likizo hii kaa na fundi

Wiki iliyopita dada mmoja kutoka Kwale aliniandikia. Ni mwalimu kijana wa ufundi wa chuma, Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, imemkuta mwaka huu na karakana isiyo na maana, na ana mialiko miwili ya semina za Agosti, yote ya kulipia. "Mwalimu, niende ipi?" Nikamjibu asiende hata moja, akakae na fundi. Akashtuka, akauliza kama mwanamke atapokelewa bandani, na ndiyo maana naandika kwa urefu, kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza.

Nimefundisha chuma na injini hapa Mombasa tangu ujana wangu. Sisi wa masomo ya ufundi tumezoea kuwa wa mwisho kwenye foleni. Mradi wa SMASSE ulipoanza mwaka 1998 kuwanoa walimu walio kazini, masomo yalikuwa hisabati, fizikia, kemia na biolojia. Wenzetu wakarudi na mbinu mpya, sisi tukabaki na jiriwa zilizoshikana kwa kutu. Miaka baadaye ilipatikana nafasi moja ya mafunzo ya ufundi katika shule niliyokuwa. Akapelekwa mtu ambaye hakuwahi kushika tupa, akarudi na mkoba mpya na cheti. Mpaka leo sijaelezwa kwa nini si mimi, na bado linaniuma.

Semina nilizopata mwenyewe zilikuwa za hotelini: slaidi, chai ya saa nne, makundi ya majadiliano, picha ya pamoja. Hakuna aliyetoka na grisi kwenye kucha. Yale mafunzo ya TPD, ya kuwaendeleza walimu, TSC (tume inayoajiri walimu) ikiyataka, yafanye, ni ya kazi yako. Lakini uhandisi hauingii kwa kuusikiliza.

Sasa nikwambie nilichofanya badala yake. Huku kwetu mwezi wa nane ni msimu wa upepo wa kusi. Bahari imechafuka, wavuvi wa boti ndogo hawatoki sana, na mashine zilizotumika kaskazi yote zinafunguliwa. Yaani shule zikifungwa, banda la fundi wa mashine za boti ndipo linapojaa. Nilikwenda kwa mzee mmoja huku Tudor, nikamwambia sitaki mshahara, nataka kazi. Alinipa kitambaa na ndoo ya petroli nioshe vipuri. Niliosha.

Siku moja kijana akaleta mashine inayonguruma vizuri lakini boti haisogei. Mzee akaitoa propela, akachomoa pini iliyopita katikati ya shafti. Ilikuwa imekatika vipande vitatu, safi kama imekatwa kwa msumeno. Nikasema pini imeharibika. "Haikuharibika, mwalimu. Imefanya kazi yake." Propela ikigonga mwamba, kitu fulani lazima kivunjike, na ni bora ivunjike pini ya bei ndogo kuliko gia. Kisha akaniletea gia nyingine kutoka kwenye debe la chakavu. Meno manne hayapo, mengine yamemeguka ncha. Mwenye mashine ile alichoka kununua pini, akachongesha yake kwa kipande cha keekee ya kutobolea chuma. Pini haikukatika tena. Ikakatika gia.

Niliiomba ile gia. Mzee akanipa bure.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa niliipitisha darasani mkono kwa mkono kabla sijaandika neno ubaoni. Mkazo wa kukata nilikuwa nimeufundisha miaka yote kwa fomula, na miaka yote nusu ya darasa hawakuelewa kwa nini nguvu tunaigawa kwa eneo la pini mara mbili. Safari hii nilipouliza pini imekatika mahali pangapi, wakahesabu vipande vitatu, wakajibu wenyewe: mahali pawili. Basi nguvu imegawanyika kwa nyuso mbili. Tukatengeneza jaribio: shafti ya chuma iliyotobolewa, bomba juu yake, pini katikati, na mkono wa nusu mita wa kuning'inizia chupa za maji za nusu lita. Kila chupa inaongeza msokoto wa karibu nyutoni-mita 2.5. Pini ya alumini ilikatika mapema. Ya msumari wa unene uleule ikabeba takriban mara tatu. Watoto walipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia.

Mradi uliotokana na jaribio lile tuliupeleka kwenye maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule, ukapita ngazi ya kaunti. Nasema kwa fahari. Shule zenye mashine za kukereza za kisasa zilikuwepo, na hatukuwaonea haya.

Kwa hiyo dada yangu, ushauri wangu ni huu: nenda ukakae na fundi, na urudi na kitu kilichovunjika. Si picha ya simu. Kitu chenyewe. Kila kitu kibovu kina somo ndani yake: kipande cha zinki kilicholiwa nusu kwenye mguu wa mashine ni somo zima la kutu, maana zinki inatangulia kuliwa ili alumini ya mashine ipone. Viungo vya kuchomelea vyenye vitundu ni somo la unyevu. Mombasa hewa ina maji, rodi za kuchomelea zikiachwa wazi zinavuta unyevu, na ndiyo sababu fundi makini huzifunga kwenye nailoni. Muulize pia maana ya 6013 iliyoandikwa kwenye rodi. Wengi hawajui kwamba 60 ni nguvu ya mvutano, pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, na kwamba 1 ina maana unaweza kuchomelea katika mkao wowote.

Walimu wenzangu, tuache kungoja kupelekwa. Serikali ikitupeleka, alhamdulillahi. Isipotupeleka, mtoto wa Gredi ya 10 aliyechagua masomo ya ufundi hatakuwa na Gredi ya 10 nyingine. Ana haki ya mwalimu aliyewahi kufungua mashine.

Umeuliza kama mwanamke atapokelewa bandani. Utapokelewa ukiingia na mtu wanayemjua, mzee wa mtaa au mzazi wa mwanafunzi wako aliye mvuvi, na ukishika kitambaa siku ya kwanza bila kuambiwa. Vaa viatu vilivyofunika vidole, funga buibui au leso vizuri mbali na kinachozunguka, na usiende na daftari kubwa. Mafundi wananyamaza wakiona daftari. Andika jioni ukirudi.

Pesa ya semina usiitumie yote. Nunua tupa mbili nzuri na keekee, na nauli ya Vanga au Shimoni, ambako boti na mafundi hawakosekani. Mwambie mwalimu mkuu mapema akuandikie barua, ili ukirudi na debe la chakavu asikuulize linatafuta nini karakanani. Likizo ni wiki tatu hivi tu, kwa hiyo mtafute fundi wako sasa, kabla ya mitihani ya muhula wa pili. Na ukipata gia ya ziada, niwekee: yangu watoto wameishika mpaka imeanza kulainika.