Maswali na Majibu: Fahari Mbali na Miji Mikubwa

Wasomaji kadhaa wameniuliza kuhusu sherehe za fahari ya mashoga na wasagaji, ambazo katika nchi nyingi hufanyika mwezi Juni.

Zilianzia wapi? (Msomaji, Mbagala)

New York. Alfajiri ya tarehe 28 Juni 1969 polisi walivamia Stonewall Inn, baa ya mashoga na wasagaji, na wateja wakakataa kutawanyika. Mwaka uliofuata, tarehe ileile, watu waliandamana kuikumbuka siku hiyo.

Haya si mambo ya Wazungu? (Mzee, Magomeni)

Shikamoo mzee. Tarehe 13 Oktoba 1990 watu wapatao mia nane waliandamana Johannesburg, na miongoni mwa viongozi wao alikuwa Simon Nkoli, mzaliwa wa Soweto aliyewahi kuwekwa gerezani kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Waandaaji walikuwa na mifuko ya karatasi kwa wale walioogopa kutambuliwa na ndugu au waajiri, na wapo waliotembea wameivaa kichwani. Miaka sita baadaye Katiba mpya ya Afrika Kusini ilikataza ubaguzi dhidi ya mashoga na wasagaji. Kwangu mimi, aliyeficha uso alikuwa na fahari kamili, kwa sababu alikuja.

Je, inawezekana mahali pa mbali, penye makabila na dini nyingi? (Dada, Kigamboni)

Ilifanyika Kakuma, dada yangu. Kambi hiyo ya wakimbizi iko katika nchi kame ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, na ndani yake wanaishi Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na Waganda, wengi wao wakielewana kwa Kiswahili. Mwezi Juni 2018 wakimbizi wapenzi wa jinsia moja waliandamana humo, wakaimba na kucheza. Haikuchukua muda, vikatokea vikaratasi vya kuwatishia kifo, na kabla ya mwaka kwisha baadhi yao walihamishiwa Nairobi kwa usalama wao. Katika kambi huwezi kupotea ndani ya umati kama mjini, maana unayepanga naye foleni ya mgao wa chakula ndiye aliyekuona ukicheza jana. Ndiyo maana nawaheshimu sana watu wale, na ndiyo maana siwezi kumhimiza mtu yeyote awaige kabla hajajua atalala wapi usiku wa siku hiyo.

Tunataka kukutana hapa Dar es Salaam na kupiga picha. Unatushauri nini? (Kijana, Sinza)

Msiandamane. Sheria yetu inatoa kifungo cha kuanzia miaka 30 hadi maisha kwa tendo lenyewe, na mwaka 2018 mkuu wa mkoa wetu wa wakati huo alitangaza kikosi cha kuwasaka watu. Serikali ilisema huo ulikuwa msimamo wake binafsi, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia majumbani. Kuleni pamoja nyumbani kwa mtu mnayemwamini, wachache, na picha msipige kabisa, kwa sababu simu ikishikwa na mtu mbaya itawataja hata wale ambao hawakuwepo.

Binti yangu ameniambia siri yake. Nifanye nini? (Mama, Tandika)

Mama, amekuamini, nawe mpe hakika kwamba nyumba bado ni yake. Usimwambie hata shangazi yake bila ridhaa yake, na wageni wakiuliza ataolewa lini, jibu wewe kabla yake.