Vipimo ni safi, mbona tumbo bado linawaka?

Swali: Daktari, salamu. Nauza mukene (dagaa) hapa Busia, upande wa Uganda. Tangu nichukue mkopo, tumbo huniwaka chini ya chembe cha moyo, hasa Alhamisi, maana marejesho ni Ijumaa. Nimepimwa H. pylori, bakteria wa tumboni, hakuna. Nimeingizwa kamera tumboni, hakuna kidonda. Kichwa kikiuma nameza diklofenaki. Nyumbani wanasema najisingizia. Je, mawazo yanaweza kuumiza tumbo kweli?

Jibu: Dada yangu, hujisingizii. Kamera huona kidonda. Haioni mishipa ya fahamu inavyofanya kazi, na shida yako yaelekea iko huko.

Ukiingiwa na hofu ya deni, ubongo huamsha tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, damu hukimbilia misuli, tumbo huchelewa kusukuma chakula. Hofu hiyo ikikaa wiki baada ya wiki, mishipa ya fahamu ya tumbo huwa myepesi kushtuka. Asidi ileile ambayo zamani hukuihisi, sasa inachoma. Ndiyo sababu Alhamisi inakutesa.

Lakini usikubali ukiambiwa kwamba kila kidonda cha tumbo huletwa na mawazo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua H. pylori, bakteria yule uliyepimwa. Msongo wa mawazo huchangia, ila vidonda vingi hutokana na bakteria huyo au na dawa za maumivu. Hapo ndipo ninapokuhofia: diklofenaki hiyo, tena pengine unaimeza kabla ya kula, inaweza kukuletea kidonda ambacho leo huna. Iache. Tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa.

Kula kidogo kidogo, usilale mara tu baada ya kula. Na deni lenyewe lishughulikie kama sehemu ya tiba: nenda kwa afisa mikopo kabla ya siku ya malipo, omba kiasi kidogo kwa muda mrefu zaidi. Ukikosa usingizi au ukikata tamaa, hospitali za rufaa za mikoa, kama ya Mbale, zina watu wa afya ya akili. Kwenda kwao si wazimu.

Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, ukikonda bila sababu au chakula kikikwama kooni, usingoje. Nenda hospitali siku hiyohiyo.