Tusimhesabu aliyefika juu peke yake

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza ni kipi hasa kinachowazuia wanawake wa Kiislamu wa jamii za wachache kufika kwenye uongozi kazini, na kama kuwepo kwa wachache waliofika hakuthibitishi kwamba njia iko wazi. Naanza na sehemu ya pili, maana ndiyo inayonikera. Hakuthibitishi.

Tazameni Singapore. Septemba 2017 Halimah Yacob aliapishwa kuwa rais, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini humo. Ni Mwislamu wa jamii ya Wamalay, ambao huko ni wachache, na huvaa hijabu. Alifiwa na baba akiwa mdogo, mama akawalea watoto kwa kuuza chakula, naye akasoma sheria, akatumikia vyama vya wafanyakazi kwa miaka mingi, na mwaka 2013 akawa Spika wa Bunge. Uchaguzi wa 2017 ulikuwa umetengewa wagombea wa jamii yake, na hakutokea mpinzani mwingine aliyetimiza masharti. Hilo halimpunguzii sifa hata kidogo. Lakini siku anaapishwa, muuguzi Mwislamu wa hospitali ya umma katika nchi hiyohiyo alikuwa haruhusiwi kuvaa hijabu pamoja na sare yake. Ruhusa ilianza Novemba 2021. Kwa miaka minne, vazi alilokuwa nalo mkuu wa nchi Ikulu, muuguzi alilivua kabla ya kuingia zamu. Anayetaka kujua kama njia iko wazi amuulize muuguzi.

Sasa kuhusu vizuizi vyenyewe. Cha kwanza hukutana na mwanamke huyu kabla hata hajaonekana. Nchini Ujerumani mtafiti Doris Weichselbaumer alituma kwa waajiri maombi ya kazi ya kubuni karibu 1,500, na mwaka 2016 akachapisha matokeo. Sifa zilikuwa sawa, na picha ilikuwa ya mwanamke yuleyule. Kilichobadilika ni jina na mtandio. Alipoitwa Sandra Bauer, alialikwa kwenye usaili kwa asilimia 18.8 ya maombi. Alipoitwa Meryem Öztürk, asilimia 13.5. Meryem huyohuyo alipojifunga mtandio, asilimia 4.2. Na kadiri kazi ilivyokuwa ya cheo cha juu, ndivyo pengo lilivyozidi kupanuka. Kwa hiyo wanaosema wanawake hawa hawaombi nafasi kubwa wafikirie kwanza kinachowapata wanapoomba.

Mara nyingi wasomaji wenzangu hujibu kwamba tatizo liko nyumbani: mume, baba, mila. Sikatai kwamba wapo wanaozuiwa na jamaa zao, na inaniuma kwa sababu dini inayotajwa kuwazuia ndiyo hiyohiyo inayomheshimu Bi Khadija, mfanyabiashara aliyemwajiri Mtume kusimamia msafara wake. Lakini mwanamke aliyekwisha kuandika barua ya maombi na kubandika picha yake ameshavuka kizuizi cha nyumbani, kama kilikuwepo. Barua ikitupwa, aliyeitupa si mumewe.

Kizuizi ninachokiona kikubwa kuliko vyote, hata hivyo, hakimo kwenye utafiti ule. Nimekaa kwenye majopo ya usaili kwa miaka mingi, na nimejifunza kwamba viongozi hawapatikani siku ya usaili. Wameshapatikana zamani, mkuu wa kitengo alipokwenda likizo na mtu fulani akaambiwa akaimu. Hapo hapana tangazo, hapana fomu, hapana alama. Meneja humtaja mtu anayemwamini, na humwamini kwa sababu wamezoeana, na mazoea hayo huota baada ya saa za kazi, mara nyingi mahali penye pombe, ambapo mwanamke Mwislamu hataki kukaa. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna hata aliyemkusudia vibaya. Mwenzake anakaimu miezi michache, anaongoza vikao, anasaini bajeti, na nafasi ikitangazwa anakuja na uzoefu wa uongozi. Yeye anakuja na miaka mingi zaidi ya kazi nzuri, na jopo linaandika kwa dhamiri safi kabisa kwamba hajawahi kuongoza. Aliyezungukwa na kundi kubwa la wanaofanana naye hupata nafasi nyingine mwakani. Aliye peke yake idara nzima hana wa kumtaja jina lake akiwa hayupo.

Akilalamika, sheria nayo inamtaka ajigawe. Aseme kama alibaguliwa kwa uanamke, au kwa asili yake, au kwa dini. Uingereza waliliona hili, wakaandika kwenye Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 kifungu cha 14, kinachoruhusu kushtaki kwa sababu mbili zilizoungana. Kifungu hicho hakijawahi kuanza kutumika. Mwaka 2016 kamati ya Bunge lao ikaeleza kwamba wanawake Waislamu wanaumizwa mara tatu: kwa kuwa wanawake, kwa kuwa wa jamii za wachache na kwa kuwa Waislamu. Kumbe mwajiri anaweza kuonyesha mahakamani kwamba amewapandisha vyeo wanawake, na amewapandisha wanaume wa jamii za wachache, na mwanamke huyo akabaki bila kesi inayoeleweka.

Semina za kujiamini wanazopelekwa wanawake hawa haziligusi hata moja katika haya. Wengi wao wanajiamini vya kutosha, la sivyo wasingefika hapo walipo. Ninachotaka ni kitu kidogo na kigumu: nafasi ya kukaimu, hata ya wiki mbili, itangazwe ndani ya ofisi, na sababu ya kumchagua aliyechaguliwa iandikwe. Vyama vya wafanyakazi vidai kila mwaka orodha ya waliokaimu na muda waliokaimu. Waajiri watasema kumbukumbu kama hizo hawana. Wanazo, tena kamili, kwa mhasibu, kwenye malipo ya posho za kukaimu.