Mcheri nilioutamani, na mti ulionifaa

Dada yangu anayeishi Uingereza alinitumia picha ya mcheri wa maua kwenye kiuanja chake. Umesimama wima kama mnara wa msikiti, maua ya waridi hafifu toka chini hadi kileleni. Unaitwa Amanogawa, Kijapani hicho, maana yake mto wa mbinguni. Hurefuka mita 6 na zaidi, ila hata baada ya miaka mingi upana wake ni kama mita 2 na nusu. Mimi hapa Kimara nina hatua 4 tu kati ya dirisha la jikoni na ukuta wa jirani. Nikasema, ndio huu.

Kumbe sio. Mti ule hulala wakati wa baridi, na matumba yake hayafumbuki vizuri mpaka yapitiwe na wiki nyingi za baridi, chini ya nyuzi 7 hivi. Usiku wa Julai hapa Dar, ule tunaojifunikia shuka mbili na kulalamika, ni nyuzi 18 au 19. Ndiyo maana hata plamu, ambazo nazo hutaka baridi, tunaletewa kutoka Lushoto, kule milimani.

Kabla sijayajua hayo nilikuwa nimeshamlipa kijana wa miche aliyeniapia kuwa anao "mcheri". Ukaota kweli, ukazaa kweli: vitunda vyekundu vitamu, watoto wa mtaa wakahamia kwangu. Popo nao. Ulikuwa mcheri mwingine kabisa, asili yake Amerika ya joto, na matawi yake hutanda kama mwavuli. Mwaka wa pili ukawa juu ya bati la jirani. Niliukata, watoto wakaninunia wiki nzima.

Kwa hiyo ukienda kwa muuza miche, usianze na maua. Uliza mti ukishakua unatanda kiasi gani, kisha katafute uliokomaa uutazame kabla hujatoa hela. Mkrismasi hupendeza Desemba, lakini ni mpana na mizizi yake hunyanyua pevingi. Mwashoki ni mwembamba sawa, ila maua yake ya kijani hutayaona.

Nilichopanda sasa ni plumeria nyeupe, ile yenye majani kama mwiko. Inakwenda juu kuliko pembeni, mizizi haina ubishi, na yangu hutoa maua karibu mwaka mzima. Harufu haina ya maana, nakubali. Omba tawi lenye urefu wa kiwiko hadi vidole, liache kivulini kama wiki moja jeraha likauke. Ukilipanda bichi litaoza. Utomvu wake unawasha, usiguse macho. Mimi nilipanda mwanzoni mwa vuli, kwa sababu udongo wangu ni mfinyanzi na masika maji hutuama. Nilichanganya mchanga mwingi na kuinua tuta. Tangu hapo, tawi linalokwenda pembeni nalikata likiwa bado changa.

Vipande hivyo navipanda kwenye makopo ya rangi. Viwili vimeshachukuliwa na jirani, yule yule wa bati.